Mwongozo wa Kutembelea Kiwanda cha Kale cha Chai Kinachofanya Kazi, Milimani Sri Lanka

Maswali ni yale yale kila msimu. Niende kiwanda kipi? Niende saa ngapi? Naruhusiwa kupiga picha? Na lile linaloniuma zaidi: "Mbona nilipofika mashine zote zilikuwa kimya?" Mtu amevuka bahari, amepanda milima kwa saa kadhaa, halafu anaonyeshwa vyuma vilivyolala na kuuziwa pakiti ya majani mlangoni. Hilo linaepukika kabisa ukijua kwamba kiwanda cha chai hakifuati saa ya mgeni wala saa ya ofisi. Kinafuata saa ya jani. Jani likishachumwa halisubiri, na ziara nzuri ni ile inayokutana nalo likiwa bado safarini, kati ya mti na pakiti.

Nimeandika kwa ajili ya anayekwenda kwa mara ya kwanza, bila kampuni ya watalii, kwenye nyanda za juu: Kandy, Nuwara Eliya, Haputale, Ella.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kibali cha kuingia nchini, kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari kupitia tovuti rasmi ya serikali. Ukitoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, beba na kadi ya chanjo.
- Viatu vilivyofunikwa mbele, vyenye soli isiyoteleza. Ngazi za viwanda vya kale ni za mbao na zina mwinuko mkali.
- Sweta. Nuwara Eliya iko mita 1,868 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake inapenya hadi mifupani.
- Noti ndogo ndogo za rupia, kwa kiingilio, bajaji na chai ya kuonja.
- Kitambaa safi cha kufunika pua, hasa kama una pumu.
- Usijipake manukato siku hiyo. Jani la chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu, na wenye kiwanda wanalijua hilo kuliko wewe.

Hatua ya 1: Chagua kiwanda, kisha hakikisha bado kinasindika chai

Si kila jengo lenye jina la kiwanda cha chai bado linatengeneza chai. Kule Kandapola kuna kiwanda cha zamani cha Hethersett ambacho sasa ni hoteli. Hantana, karibu na Kandy, kuna jengo la mwaka 1925 ambalo leo ni makumbusho ya chai. Makumbusho yale ni mazuri, na ukipata nafasi anza pale ujue mashine kwa majina. Lakini pale hutasikia ngurumo wala kunusa jani bichi likigeuka.

Vinavyofanya kazi na kupokea wageni vipo kadhaa. Dambatenne, nje ya Haputale, kilijengwa na Thomas Lipton mwaka 1890. Pedro, kilomita chache kutoka mjini Nuwara Eliya, ni shamba la mwaka 1885. Labookellie kiko kando ya barabara kuu ya Kandy kwenda Nuwara Eliya, kwa hiyo ni rahisi kwa mwenye haraka, na kwa sababu hiyo hiyo mabasi ya watalii hujaa. Halpewatte kiko karibu na Ella.

Ukiniuliza mimi, nenda Dambatenne. Barabara kutoka Haputale inapita katikati ya chai tupu, na juu ya kiwanda, kama kilomita 7, kuna kilele kinachoitwa Lipton's Seat. Panda kileleni alfajiri kwa bajaji kabla ukungu haujafunika bonde, kisha teremka kwa miguu hadi kiwandani. Utakuwa umepita njia ile ile inayopitwa na magunia ya majani.

Hatua ya 2: Chagua siku

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Majani yaliyochumwa leo hunyaushwa usiku kucha na kusindikwa kesho. Mashamba mengi hayachumi Jumapili, kwa hiyo Jumatatu asubuhi hakuna kitu cha kusindika. Watu hukwepa Jumapili wakidhani ndiyo siku mbovu, wakaangukia Jumatatu ambayo ni mbovu zaidi. Jumatano hadi Jumamosi ndizo siku ninazozipendekeza.

Angalia pia sikukuu. Kila siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, ni mapumziko nchi nzima. Katikati ya Januari kuna Thai Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil, na wengi wa wafanyakazi wa mashamba haya ni Watamil. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Wasinhala na Watamil: kazi husimama, na Nuwara Eliya hufurika wageni kutoka Colombo hata chumba cha kulala kikawa tabu. Kumbuka kanuni ni ile ile: sikukuu moja inakula siku mbili, yenyewe na ya kesho yake.

Kuhusu majira, upande wa magharibi, yaani Nuwara Eliya na Dimbula, chai bora hutoka kati ya Januari na Machi. Upande wa Uva, ziliko Haputale na Ella, ubora hupanda kati ya Julai na Septemba, pepo kavu zinapovuma.

Hatua ya 3: Piga simu siku moja kabla

Mwombe mwenyeji wako wa nyumba ya wageni akupigie, maana atazungumza Kisinhala au Kitamil na atajibiwa vizuri. Usimwache aulize "Mko wazi?" Jibu litakuwa ndiyo hata kama mashine zimelala, kwa sababu duka liko wazi. Maswali ya kuuliza ni haya matatu:

1. Leo majani yamechumwa?
2. Kesho mtaanza kusokota saa ngapi, na mtamaliza saa ngapi?
3. Mgeni anaruhusiwa kuingia ndani wakati mashine zinafanya kazi?

Viwanda vingine husokota usiku wa manane au alfajiri, hewa ikiwa baridi, ili joto lisiharibu jani. Ukiambiwa hivyo, usikate tamaa. Omba kuingia mapema kabisa wanapofungua, angalau ukute tanuri na uchambuzi vikiendelea. Kwa jumla, saa mbili hadi saa nne asubuhi ndio muda salama.

Hatua ya 4: Lala milimani usiku wa kuamkia ziara

Usijaribu kutoka Colombo siku hiyo hiyo. Treni ya kutoka Colombo Fort kwenda Badulla ni safari ya siku karibu nzima. Kwa Nuwara Eliya unashuka Nanu Oya, umalizie kwa bajaji au basi, na kwa Haputale na Ella unashuka stesheni zenye majina hayo hayo. Mvua kubwa huleta maporomoko ya udongo yanayokata reli hii, hivyo ulizia kwanza kama kipande chako kinapitika. Barabara ya kutoka Kandy ina kona nyingi mno. Anayetapika garini ale kidogo na akae mbele.

Hatua ya 5: Langoni

Utalipa kiingilio na kusubiri mwongozaji. Utapewa koti au aproni na kofia ya nywele. Vua pete, bangili na saa, weka mfukoni wenye zipu. Funga vizuri mtandio au kanga: mikanda ya mashine za zamani haina kifuniko kila mahali, na nguo inayopepea ni hatari ya kweli. Watoto washikwe mkono muda wote.

Picha: viwanda vingi vinakataza ndani. Uliza mara moja, ukikatazwa zima simu.

Hatua ya 6: Anza ghorofa ya juu

Kabla hujaingia, simama nje uangalie jengo. Ni refu, la mabati na mbao, lenye madirisha mengi kupita kiasi. Madirisha yale hayakuwekwa kwa ajili ya mandhari. Zamani majani yalitandazwa juu ya magunia ghorofani, na upepo wa mlima ulioingia dirishani ndio ulioyanyausha. Jengo zima ni chombo cha kukamatia upepo.

Siku hizi utakuta vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa inayopuliza hewa kwa chini. Majani hulala hapo saa 12 au zaidi hadi yapoteze karibu nusu ya maji yake. Mwombe mwongozaji akuruhusu kushika. Jani lililoletwa jioni ukilikunja hukatika kwa mlio mdogo, kama mchicha mbichi. Lililokaa usiku kucha ukilifinyanga ndani ya kiganja hubaki limejikunja, laini kama kitambaa, na kikonyo chake kinapinda bila kuvunjika. Hapo ndipo msimamizi anapoamua kwamba limeiva kwa kusokotwa. Vipimo vipo, lakini nimeona mkono ukiaminiwa kwanza.

Nusa pia. Kitanda cha majani yaliyoletwa leo kina harufu ya majani yaliyofyekwa. Cha yaliyolala tangu jana kina utamu, kama tunda lililoanza kuiva.

Hatua ya 7: Mashine za kusokota, na hapa usiharakishe

Ukiwa na dakika 40 tu za ziara nzima, tumia 20 hapa.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea chai ya punje, inayokatwakatwa na kuviringishwa na mashine zenye meno. Viwanda vingi vya kale vya milima hii hufanya kwa njia ya zamani: jani husokotwa. Utaona meza ya duara yenye matuta, na juu yake pipa lisilo na kitako lililojaa majani. Pipa linazunguka, meza inakwaruza, na majani yanajisugua yenyewe kwa yenyewe hadi maji yake yatoke. Sakafu inatetemeka. Tafuta kibao cha jina kwenye chuma: mashine nyingi zilitengenezwa na Marshall wa Gainsborough, Uingereza, au Walker wa Colombo, na tanuri za Sirocco zilitoka Belfast. Chuma cha enzi ya ukoloni, kingali kinafanya kazi ya leo asubuhi. Kwangu hilo linazidi kioo chochote cha makumbusho.

Jani likitoka linachekechwa. Laini linapita, gumu linarudi kusokotwa mara ya pili, ya tatu. Kisha hutandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa. Watu huita hatua hii kuchachusha, ingawa hakuna hamira wala pombe: ni hewa tu inayokutana na maji ya jani lililopondeka. Simama hapo dakika kumi uangalie rangi. Kijani kinaingia kahawia, kahawia inakuwa nyekundu ya shaba, kama senti mpya. Harufu ya majani mabichi inatoweka na harufu ya chai uijuayo inazaliwa mbele ya pua yako. Wakichelewa kidogo, kikombe kitakuwa kizito kisicho na uhai. Wakiwahi, kitakuwa kichungu cha ukijani. Kwa hiyo usimsemeshe mfanyakazi aliyeinama kunusa. Yuko kazini.

Tahadhari: usitie kidole kwenye meza ya kusokotea hata kama pipa linazunguka polepole.

Hatua ya 8: Tanuri na uchambuzi

Tanuri hutumia hewa ya moto, mara nyingi kutokana na kuni, na kwa dakika kama 20 jani hutoka jeusi na kavu, likiwa limebakiwa na maji kama asilimia 3. Joto la chumba hiki ni kali; aliyevaa sweta avue kabla ya kuingia.

Chumba cha kuchambulia kina vumbi jingi. Mwenye pumu apite haraka au aangalie kutoka mlangoni. Jambo la kutazama ni mabomba ya plastiki yanayosuguliwa hadi yapate umeme tuli. Vikonyo vyepesi vinarukia bomba na chai nzito inabaki chini.

Halafu madaraja, ambayo ndiyo yanayowachanganya watu. OP (Orange Pekoe), BOP, BOPF na Dust ni majina ya ukubwa wa jani, kuanzia kubwa hadi dogo, si cheo cha utamu. "Orange Pekoe" haina chungwa ndani yake. Jani kubwa hutoa chai nyepesi taratibu, jani dogo hutoa chai kali upesi. Kilo 1 ya chai kavu imetokana na zaidi ya kilo 4 za majani mabichi, na sehemu kubwa ya kinachotengenezwa hapa hupelekwa mnadani Colombo, mnada uliopo tangu 1883.

Hatua ya 9: Kuonja

Onja bila maziwa na bila sukari, hata kama nyumbani hunywi hivyo. Kipimo cha waonjaji ni gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, kwa hiyo itakuwa kali kuliko ya mezani. Fyonza kwa sauti ili chai isambae mdomoni pamoja na hewa, hakuna atakayekushangaa. Anza na jani kubwa, malizia na dogo. Chai ya Nuwara Eliya ni nyepesi, ya rangi ya dhahabu. Ya Uva ina ukali unaopanda puani. Ukimaliza bila maziwa, jaribu BOPF kwa maziwa. Hiyo ndiyo inayostahimili.

Hatua ya 10: Kununua

Nunua jani la daraja ulilolipenda ulipoonja, na muulize muuzaji limefungwa lini na kama limetoka kiwanda hicho hicho. Maduka mengine huchanganya bidhaa za mashamba mbalimbali. Alama ya simba mwenye upanga, inayotolewa na Bodi ya Chai ya Sri Lanka, maana yake ni chai tupu ya Ceylon iliyofungwa ndani ya nchi. Nchi ilibadili jina mwaka 1972 lakini chai ikabaki na jina la zamani.

Hatua ya 11: Shambani, kwa heshima

Zao hili lilianza hapa kibiashara mwaka 1867, pale Mskoti James Taylor alipopanda ekari 19 huko Loolecondera. Miaka michache baadaye ugonjwa wa kutu uliangamiza kahawa na chai ikachukua milima. Mikono iliyoipanda ni ya Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India. Baada ya uhuru, mwaka 1948, wengi wao walinyimwa uraia, na ilichukua miongo mingi kurekebishwa. Wajukuu wao ndio hao unaowaona mteremkoni, wengi wao wanawake, wenye mfuko mgongoni unaoning'inia kwa kamba ya kichwani. Ujira wao bado ni suala linalozozaniwa mpaka leo.

Basi usiwafanye mapambo ya picha. Salimia kwanza: "Vanakkam." Omba ruhusa kwa ishara, na ukikataliwa shukuru uende: "Nandri." Usikanyage kati ya mistari ya miche, na usimsimamishe mtu ambaye mzigo wake unapimwa kwa kilo.

Mambo yakikwama

*Mashine zimezimwa nilipofika.* Uliza kama kuna majani kwenye vitanda vya juu. Yakiwepo, usiku au kesho asubuhi watasokota. Omba tiketi yako ikubalike kesho. Niliwahi kufanya hivyo kwenye kiwanda kimoja karibu na Haputale siku ya Jumatatu, nikaambiwa nirudi kesho yake saa moja asubuhi, na nilirudi. Vitanda vikiwa vitupu, usilipe kiingilio. Nenda kingine.

*Mwongozaji anakimbia, ziara imeisha kwa dakika kumi.* Mara nyingi kundi ni kubwa. Mwambie kwa upole unataka kubaki mwishoni mwa kundi linalofuata. Swali zuri humsimamisha pia: muulize leo wanachachusha kwa muda gani na kwa nini.

*Sielewi kitu kwa ajili ya kelele.* Uliza maswali kabla ya kuingia, kila chumba. Ndani tumia macho na pua.

*Ukungu umefunika kila kitu.* Mandhari yamekwenda, kiwanda kipo. Ingia ndani.

*Kichwa kinaniuma milimani.* Mara nyingi ni kona za barabara, baridi na kutokunywa maji. Pumzika, kunywa maji, kula kitu. Kisipotulia, muone daktari.

*Chai niliyofika nayo nyumbani haina ladha ile.* Angalia ulifunga na nini. Watu wengi hununua mdalasini na karafuu safari hiyo hiyo, wakavitia begi moja na chai ya karatasi. Chai iliyokwisha kushika harufu ya mdalasini hairudi. Safari ijayo ifunge kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, na viungo viende begi jingine.